Vitafunwa vya mbwa kutoka soko la Kamembe

Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaofika soko la Kamembe asubuhi, ni kitafunwa cha mbwa kilicho bora kuliko vingi vinavyouzwa kwenye pakiti, nasi wa Rusizi tunawapita kila siku bila kuwafikiria hivyo. Ni wadogo, harufu yao inafika mbali, wakikauka wanavunjika kwa vidole, na zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini. Biskuti ya mbwa ya dukani imeshuka melini Mombasa au Dar es Salaam, ikapanda lori hadi Kigali, na ili itufikie huku mara nyingi huvuka msitu wa Nyungwe. Kila hatua imeongeza bei. Ukisoma maandishi ya pakiti, mara nyingi ngano ndiyo imetajwa kwanza.

Viazi vitamu tunavyo, mchele wa Bugarama tunao, mayai yapo, na mchinjaji ana maini na mapafu ambayo wateja wengi hawayagombei. Kinachohitajika ni kujua nini kiwekwe na, zaidi ya hapo, nini kiachwe.

Kuna jambo la kusema kwanza, kwa kuwa Rwanda si nchi ambayo mtu anaandika juu ya mbwa kama anavyoandika juu ya kuku. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula miili ya waliouawa. Wanajeshi wa RPF waliwapiga risasi, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa nao walifanya hivyo. Kwa muda mrefu baadaye wageni walioingia nchini walishangazwa na usiku usio na mbweko hata mmoja. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake akisema mbwa asikaribie mlango wake, hakuna mwenye haki ya kumshawishi vinginevyo. Namheshimu, na makala haya hayamwombi abadilike.

Lakini mbwa wamerudi, na wengi wamerudi kwa kazi ya ulinzi: kwenye nyua za Kamembe, kwenye maghala, kwenye maduka yaliyo njiani kuelekea daraja la Bukavu. Wengi wao hufungwa mchana kutwa na kufunguliwa giza likiingia. Hula ukoko wa wali, maji yaliyosuuza sufuria na mifupa, na mkono wa binadamu wanaujua kwa fimbo au jiwe. Mbwa wa namna hiyo hashikiki. Akijaa kupe, hakuna wa kumtoa. Akikatwa na chupa unyayoni, hakuna wa kumwosha kidonda. Veterineri wa umurenge (sekta) akija na chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa huruka ua na kupotea hadi jioni, na mwenye mbwa hurudi nyumbani na deni la sindano ambayo haikuchomwa. Mbwa aliyezoea kupokea kitu kizuri kutoka mkononi huja akiitwa, hutulia akishikwa mdomo, hukubali kamba shingoni. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta jikoni, na ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema kwamba vitafunwa vya mbwa ni anasa ya matajiri wa Kigali.

Turudi kwa sambaza. Wenyewe ni wageni katika Ziwa Kivu. Samaki wa asili wa ziwa hili hukaa zaidi karibu na ufuko, na eneo lake kubwa la katikati halikuwa na samaki wa kuishi kwenye maji ya wazi. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika, wa aina ambayo wataalamu huita Limnothrissa miodon, wakawaachia Kivu. Wakazaana, na leo ni riziki ya watu wa pande zote mbili za ziwa. Huvuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikimulika maji ili kuwavuta juu, wavuvi wakiimba huku wakipiga makasia. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu na nyavu hurudi nyepesi. Kila mwaka pia uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane. Anayefuga mbwa basi afanye kama anayelisha watoto: akaushe akiba wakati sambaza ni wengi na bei imeshuka.

Ukinunua wakavu, mwambie muuzaji mapema: “Mama, nataka wasio na chumvi.” Samaki aliyepakwa chumvi ili asioze hamfai mbwa, hata umwoshe. Waliokaushwa chini huja na mchanga, kwa hiyo wapepete, kisha waoshe kwa maji mengi na uwaanike tena. Mimi napendelea wabichi. Wachemshe dakika kumi katika maji matupu, bila kuacha hatua hiyo, kwa sababu samaki wadogo wa jamii hii wakiwa wabichi mara nyingi hubeba kimeng’enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayelishwa wabichi kila siku anaweza kudhoofika mishipa ya fahamu. Moto hukimaliza. Baada ya hapo watandaze juu ya wavu au ungo, uwafunike kwa chandarua ili nzi wasitue. Bugarama, ambako ardhi imeshuka chini ya mita 1,000 na jua halina huruma, siku moja au mbili zinatosha. Kamembe iko juu, ziwa lenyewe likiwa karibu mita 1,460, na mvua haitoi taarifa; huku ni salama zaidi kumalizia kukausha juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makaa yaliyokaribia kufa. Samaki yuko tayari ukimkunja akakatika kwa mlio. Akipinda bila kukatika, bado ana maji, na maji ndiyo yanayoleta ukungu.

Sambaza mmoja mmoja anatosha kabisa kwa kufundishia. Lakini wapo wanaotaka biskuti, labda kwa kuwa hazinukishi mfuko wa suruali, na hizo nazo ni rahisi. Chukua viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vile vyenye vitamini A, uvichemshe na maganda yake, uvimenye, uviponde hadi upate vikombe viwili. Twanga sambaza wakavu upate kikombe kimoja cha unga. Changanya pamoja na yai moja. Kisha ongeza unga kidogo kidogo, kikombe kimoja na nusu hadi viwili kutegemea maji ya viazi, ukikanda mpaka donge liache kushika vidole. Unga mzuri kwa kazi hii ni wa mchele: nunua chenga, zile punje zilizovunjika mashineni zinazouzwa kwa bei ya chini, uzioshe, uzikaushe, uzisage. Unga wa sosoma, ule wa uji wenye soya, mtama na mahindi, nao unafaa, ila soma pakiti usije ukachukua uliotiwa sukari. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna hamira. Kuhusu hamira nasisitiza: donge lenye hamira likiliwa bichi huumuka tumboni mwa mbwa na kutoa pombe, na yote mawili ni hatari kwake.

Sukuma donge liwe na unene wa nusu sentimita, ulikate kwa kisu vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Usivutwe na maumbo ya mifupa ya kwenye picha, kwa sababu mbwa hapimi ukubwa wa zawadi, huhesabu mara ngapi amepewa. Kipande kidogo kinakupa nafasi ya kumsifu mara nyingi bila kumnenepesha. Asiye na oveni afanye kama wanavyooka keki mama zetu: sufuria nzito juu ya makaa machache, vipande vimepangwa juu ya sahani ya bati ndani yake, mfuniko wa bati juu, na makaa mengine juu ya mfuniko. Dakika thelathini hadi arobaini, ukigeuza mara moja. Halafu zima moto na uviache humo humo hadi vipoe, ili joto linalobaki livikaushe hadi katikati.

Wazo la kuchanganya nafaka, mboga na nyama kavu si geni. James Spratt, Mmarekani aliyefanya biashara London katika karne ya 19, alitajirika kwa biskuti za mbwa zenye ngano, mboga na nyama iliyokaushwa bila chumvi. Sisi tunabadilisha tu ngano kwa mchele na nyama kwa samaki.

Maini na mapafu yanahitaji maneno yao. Mbwa huyapenda kupita kiasi, na mapafu yakichemshwa, yakakatwa vipande vyembamba na kukaushwa polepole, huwa mepesi na makavu kama biskuti. Maini yasiwe ya kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi ambayo mwili hauitoi kwa haraka; vipande vidogo viwili au vitatu mara mbili kwa wiki vinatosha. La muhimu zaidi ni kwamba vyote viwili vichemshwe hadi viive kabisa. Ndani ya maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng’ombe na ngamia huweza kuwamo vifuko vya maji vyenye mabuu ya tegu mdogo. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu hukua utumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza na mbwa huyo akiyameza, vifuko humea ndani ya mwili wake, mara nyingi kwenye ini. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizoteswa zaidi na ugonjwa huo, na shirika la AMREF lilianza huko kampeni ya kuudhibiti katika miaka ya 1980, likipasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Chungu kinachotokota hukata safari ya tegu huyo kabla haijaanza. Mchinjaji anayemrushia mbwa wa mtaani pafu bichi anadhani anatenda wema, na ni vizuri jirani amweleze kwa upole.

Sasa vya kuacha. Jiko letu halina ubaya, ila mwili wa mbwa haukuumbwa kwa viungo vyetu. Kitunguu maji, kitunguu saumu na ndugu zao huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye, wakati mwenye mbwa ameshasahau alichompa. Kwa hiyo sombe (majani ya muhogo) iliyobaki usiku, yenye vitunguu na mafuta ya mawese, si chakula chake. Mchuzi uliotiwa kubu ya supu ni hatari zaidi kwa sababu kitunguu kimejificha ndani ya unga pamoja na chumvi nyingi. Chokoleti na kahawa zina kemikali zinazoushambulia moyo wake. Na kwa kuwa Rusizi ni nchi ya kahawa, anayeanika buni uani amfunge mbwa mbali nayo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Sukari mbadala iitwayo zailitoli, inayowekwa kwenye pipi za kutafuna zisizo na sukari na katika baadhi ya siagi za karanga za kutoka nje, hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja au chini ya hapo. Parachichi limejaa mafuta, na kokwa lake likimezwa huziba utumbo. Muhogo mbichi una sumu kwake kama ilivyo kwetu.

Halafu kuna mishikaki. Jioni za Kamembe zina harufu ya nyama ya mbuzi juu ya makaa, na mbwa hukaa chini ya meza wakisubiri. Watu huwarushia mifupa iliyochomwa, na wengine huangusha kijiti kikiwa bado na kipande cha nyama nchani. Mfupa uliopikwa huvunjika kuwa ncha kali. Kijiti humezwa kizima kwa ajili ya kile kipande na kinaweza kutoboa tumbo. Ningefurahi kuona kila mkahawa ukiwa na ndoo yenye mfuniko ya vijiti na mifupa.

Jambo linalonisumbua kuliko yote hayo ni ile sentensi tunayoisema bila kufikiri: unga umeota ukungu, mpeni mbwa. Ukungu wa mahindi na karanga huzaa sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka sana. Ini lake hufa kimyakimya. Huanza kwa kukataa chakula, kisha kutapika, macho na fizi hugeuka njano, halafu damu haigandi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kuchekecha, wala kuchanganya na unga mzima. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo kama Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Wenye viwanda hawajaepuka pia: Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Unga uliooza hauna mlaji. Uzikwe shimoni, kwa sababu ukimpa kuku utarudi mezani kwa njia ya yai.

Kwa sababu hiyo hiyo, vitafunwa vyako navyo vilindwe. Vilivyokauka hadi kukatika kwa mlio hukaa wiki mbili ndani ya kopo lenye mfuniko mkavu. Vilivyobaki laini kidogo vimalizwe ndani ya siku mbili au tatu. Doa moja la kijani au harufu ya ghala lililofungwa inatosha kutupa kopo zima.

Kiasi gani? Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayohitaji mbwa kwa siku. Mbwa wetu wa kawaida wa kilo 15 hutumia takriban kalori 850 hadi 950 kama si mtoto wala hanyonyeshi, kwa hiyo fungu la vitafunwa ni kama kalori 85 hadi 95. Hizo ni gramu 100 za kiazi kilichochemshwa, au gramu 20 na ushee za sambaza wakavu, yaani kiganja kidogo. Sehemu tisa zinazobaki lazima ziwe chakula kamili, na hapo ndipo wengi tunakosea kwa kudhani kitafunwa kizuri kinafidia sahani mbovu. Mbwa anayekula ukoko mtupu jioni hataokolewa na sambaza watatu wa mchana. Sahani yenyewe inahitaji samaki, yai, maharagwe yaliyoiva vizuri bila chumvi, pamoja na wali au ugali.

Nyumba nyingi za Bugarama na Kamembe ni za Waislamu, na swali la vyombo huulizwa kila mazungumzo haya yanapozuka. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Afrika Mashariki hufuata, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, huku mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda akiruhusiwa kufugwa. Jibu ni jepesi: sufuria yake, kisu chake na sahani yake viwe mbali, vihifadhiwe uani, na kipande kiwekwe juu ya jiwe au kijiko cha mti badala ya kiganja. Mbwa hujifunza vilevile. Tena kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, watoto wa madrasa wanakijua vizuri.

Sasa namna ya kuvitumia. Anza nyumbani, wiki kadhaa kabla ya siku ya chanjo, mbwa akiwa na njaa kidogo na pasipo na kelele. Mwite jina mara moja. Akija, mpe kipande papo hapo, kisha mwache aende. Usimwite ili umfunge, wala usimwite ili umchape, la sivyo jina lake litakuwa onyo. Akishazoea, mpe kipande huku mkono mwingine ukigusa shingo, kesho yake masikio, kesho kutwa miguu na mapaja. Mzoeshe kamba kwa kuiacha sakafuni karibu na kipande hadi ainuse bila woga. Watoto washirikishwe, mmoja mmoja, mtu mzima akiwa karibu, kwa sababu watoto ndio mara nyingi wanaoumwa na mbwa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na ugonjwa huo duniani huanzia kwa mbwa, na kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100 kunatosha kuuzuia usisambae. Kisiwani Pemba walichanja mbwa kijiji kwa kijiji hadi ugonjwa ukakatika, na uliporudi wakaukata tena kwa njia hiyo hiyo.

Siku ya veterineri, beba vipande vitano vya mapafu makavu, si biskuti, kwa kuwa mahali penye mbwa wengine harufu kali ndiyo inayoshinda woga. Fika mapema kabla ya msongamano, simama kando na mbwa wako akuangalie wewe. Kimoja mpe mnapofika, kimoja kamba ikikazwa, viwili vifuatane wakati sindano inaingia, na cha tano baada ya kadi kuandikwa tarehe na kuwekwa mfukoni, kwa sababu mwaka ujao utahitaji kadi hiyo, na mbwa huyo huyo, mahali pale pale.